Mama Ameuona Mji

George Town, 11 Januari 1993

Mjomba wangu Baharuddin,

Shikamoo, na nyingine nakuwekea akiba kwa siku nitakayosahau. Najua barua hii utaisoma kwa sauti mkekani mbele ya ukoo, kama desturi ya barua za sisi tulio mbali, asije mtu akasema mjomba kameza maneno ya mpwa wake. Basi nawaamkia wote mliokaa. Mwalimu Asrizal hajambo? Na Sutan Pamenan, kama yuko macho, mwambieni namsalimu. Kama amelala msimwamshe, kikao kitakwenda vizuri zaidi.

Sisi huku ng'ambo ya bahari wazima. Iqbal kang'oka meno mawili ya mbele, akisema anapiga mluzi. Farid kaanza shule: asubuhi analia hataki kwenda, mchana analia hataki kurudi. Kadir bado anauza wali wake pale kona ya msikiti. Mchuzi wake una chumvi kuliko wangu lakini foleni haiishi, sijui watu wana nini.

Sasa neno lenyewe. Umeniandikia kwamba tangu Mama Mdogo Rafiah afariki, Mama yuko peke yake katika nyumba kubwa, na kwamba mtoto wa kike ni mimi tu. Nyumba yetu ni ya wanawake, asipokuwepo wa tumbo letu inakwenda kwa upande wa Sutan. Nimeelewa. Sijasahau nilikotoka. Lakini Mjomba, nikirudi mimi, Kadir haji. Kwao mwanamume hafuati mke, na watoto ni wa baba. Hukuandika hivyo, ila unachoniambia ni kwamba niache wanangu.

Na huu mji naupenda, niseme ukweli wangu. Miaka kumi na moja nimeukanyaga na sijauchoka. Ninyi huko mnaujua kwa maneno ya watu tu. Basi nataka Mama aje. Akae kwangu, nimtembeze, auone kwa macho yake. Kisha arudi akae mkekani aseme mbele yenu: Idar abaki, au Idar arudi. Atakalosema nitalitii, Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu. Akisema nirudi, nitarudi, hata kama nitarudi mikono mitupu.

Mpwa wako,
Rosmanidar


Koto Sawah, 20 Februari 1993

Idar mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa. Ile ya Sutan watu walicheka hadi akaamka, akauliza kuna nini, wakacheka tena. Hajanisamehe mimi niliyesoma.

Huku mvua nyingi, mpunga umesimama vizuri, Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Mke wangu anakusalimu. Goti langu la kushoto limestaafu bila kuniaga.

Kuhusu neno lako: tumekubali. Wazee wote wamekubali, Sutan naye. Mama yako atakuja baada ya Idi, atafika hadi bandari ya Belawan na mtoto wa Mwalimu Asrizal, pale atapandishwa meli, wewe umpokee gatini. Akishauona mji atarudi, atasema mkekani, na neno lake ndilo litakuwa neno. Mama aliyeona kwa macho yake hapingwi na mtu, hata mimi mwenye cheo cha mkuu wa nyumba.

Mambo machache. Umshike mkono kwenye ngazi. Jua likizama asitoke. Chakula umwekee karibu naye, usimwambie "kipo pale". Ni magoti, yanamsumbua kama yangu. Tena usimbebeshe maswali, "umeonaje hiki, umeonaje kile". Mwache mwenyewe.

Nimemuuliza kama ana hofu ya safari, akasema hofu yake ni kukaa tu.

Mjomba wako,
Baharuddin


George Town, 18 Aprili 1993

Mjomba,

Shikamoo. Idi ilikuwa njema, na sasa watoto wamevaa mashati aliyowashonesha Mama, la Iqbal limembana, la Farid ni kanzu. Mama alifika salama. Gatini nilimpungia mkono mpaka bega likauma, hakunipungia hata kidole. Nilipomkumbatia ndipo akasema, "Umenenepa." Nikalia kama mtoto.

Lakini Mjomba, nina kazi.

Najua kwetu ni aibu mama mzazi kulala nyumba ya mkwewe. Kwetu mwanamume ndiye anayeingia kwa mkewe, si huu mchanganyo wangu wa kuishi kwa mama yake Kadir. Kwa hiyo sikushangaa Mama alipokaa kwenye kiti nilichomwonyesha na kugoma kunyanyuka. Kwamba hamtazami Kadir usoni, hiyo nayo ni adabu yetu, hata mama mkwe nilimweleza akaelewa. Kadir maskini anapita ameinamisha kichwa, jana kagonga mlango.

Ila mji umemkosea nini?

Nimempeleka pwani penye mnara wa saa. Nikamwambia, "Mama, tazama," yeye akageukia ukuta wa benki, akasimama kuuelekea huo ukuta mpaka nikamaliza kueleza. Nimempeleka soko la Chowrasta nikamnunulia kungumanga za sukari, akazipapasa, akanusa, akasema, "Za nyumbani kubwa." Nimempandisha feri kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote, upepo tu na majumba yakitusogelea. Aliinamisha uso safari nzima akawa anasikiliza injini! Nikamuuliza, "Mama, hupendi?" Akasema, "Wewe sema, mimi nakusikiliza." Basi nikasema. Nasema kutwa nzima, Mjomba, rangi za madirisha, nani anauza nini, meli ipi inatoka wapi, koo limenikauka. Naye kazi yake kuuliza, "Na hapa? Na ile kushoto?" kama mwalimu anayemtega mwanafunzi mjinga. Hasemi kizuri. Hasemi kibaya.

Mtu wa kwetu akikigeuzia kisogo kitu chako, tunajua maana yake. Nalala namsikia anavyopumua, najiuliza ndani ya kifua hicho neno gani linaivishwa. Neno moja tu lake na mimi sina watoto. Mjomba, wewe ni kaka yake, mmekua pamoja. Niambie nimwonyeshe nini. Tafadhali andika upesi.

Idar


Koto Sawah, 3 Mei 1993

Idar,

Marahaba. Hatujambo. Barua yako ilichelewa, nami nimechelewa kuijibu, tulikuwa na mavuno.

Usimwonyeshe chochote. Kaeni. Mpikie, mchekeshe, walete watoto wakae karibu naye wapige kelele zao. Hana kinyongo na wewe, hilo nakuhakikishia, mengine usiniulize kwa sababu nimekatazwa kuyasema na mtu ambaye sijawahi kumshinda tangu utotoni.

Usimpandishe kile kilima chenu cha treni. Magoti.

Baharuddin


George Town, 16 Mei 1993

Bwana Baharuddin,

Barua yako ya magoti nimeipata leo. Nilikuwa nimeshampandisha.

Barua hii isome mkekani. Usiruke hata neno. Mpe Mwalimu Asrizal asome yeye kama sauti itakukwama.

Siku ya mwisho kabla ya safari yake nilisema liwalo na liwe, nitampeleka kilimani. Pale juu mji wote unaulaza miguuni, kisiwa, bahari, bara ng'ambo. Nilimpeleka Kadir siku tuliyochumbiana, na kila mwaka napanda kwa ajili ya nafsi yangu tu. Nikasema hapa hata jiwe litasema neno. Tukapanda treni, tukafika, ukungu. Ukungu mzito, mweupe, hata ua lililo hatua moja mbele hulioni. Watu walikuwa wananung'unika wanarudi zao. Nami nilitaka kulia. Nikamshika Mama nikamsogeza kwenye kile chuma cha kuegemea, nikafungua mdomo nimwambie, "Pole Mama, leo hakuna kitu."

Akanitangulia. Akasema, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mashaallah, Idar! Mji mzuri huu! Tazama majumba yalivyojipanga! Tazama zile meli! Kumbe ndiyo maana hutaki kuondoka mwanangu, hata mimi nisingeondoka." Akaendelea. Mnara wa saa akauona, feri akaiona, msikiti na duka la wali wa Kadir akayaona, ameegemea chuma kile ananyoosha kidole mbele yake, na mbele yake hakuna kitu Mjomba, weupe mtupu kama maziwa!

Watu waligeuka wakamtazama. Na mimi nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu ateremke melini. Macho ya Mama yangu yamekufa.

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Nilisema, "Ndiyo Mama, ni mzuri," nikamshika mkono mpaka chini. Asubuhi yake nikampakia melini, atapokewa na ndugu zetu wa Medan, apumzike kwao kwanza kabla ya kufika huko. Nikarudi nyumbani nikakaa sakafuni jikoni.

Ulijua. "Asitoke jua likizama." "Chakula umwekee karibu." Magoti! Nilisema aje auone mji kwa macho yake, nawe ukakubali upesi namna ile, na kumbe ulikuwa unanitumia mtu asiye na macho. Mama asiyeona anamhitaji binti yake ndani, mtoto mdogo angejua atasema nini mkekani. Umeniibia mizani halafu ukaniambia pima. Wazee wote wasikie: mama yangu hakuona mji huu. Hakuona hata ukuta. Neno lake, liwe lipi, si neno la aliyeona, na mimi halinifungi.

Rosmanidar


Koto Sawah, 14 Juni 1993

Idar,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo sitachana.

Mama yako aliugua macho mwaka juzi. Daktari wa Bukittinggi akasema mishipa imekufa, hakuna dawa. Akaniapisha nisikwambie. Akasema, "Idar akijua atarudi kwa huruma, atawaacha watoto, na mimi sitaki kupikiwa uji na mtu anayelia." Nyumbani mwake anatembea kama mwenye macho, kila nguzo anaijua, kijiji hakikugundua. Barua yako ilipokuja na ile ahadi, alifurahi vibaya sana. Akaniambia, "Bahar, sasa nimepata njia. Nikienda nikarudi nikasema nimeuona, nani atanipinga?"

Umenielewa? Yeye alikwenda kuuchukua mji wako kwa masikio yake, aje ausimulie.

Tulikaa Jumamosi iliyopita. Mama yako alikaa katikati ya mkeka akazungumza mpaka chai ikapoa. Alisema madirisha ya kijani na ya buluu. Alisema jinsi majumba yanavyoisogelea feri. Alijua nani anauza nini mtaani kwako, alijua meli ipi inatoka wapi. Wanawake walilia. Sutan Pamenan, ndiyo, huyo huyo, alifuta pua akasema, "Basi dada Dalimah ameona na amesema. Mtoto abaki na wanawe." Wakakubaliana Yusmarni, mpwa wake Sutan, awe anakuja kulala na mama yako, na nyumba ibaki yetu maisha yote ya mama yako. Ilikuwa imekwisha, Idar. Walikuwa wanavaa viatu.

Ndipo mtu wa posta akaingia na barua yako.

Nilisoma kwa sauti mistari ya mwanzo nikaona inakoelekea. Nikasema miwani yangu ina ukungu. Sutan akasema si ameandika mpe Mwalimu? Wakarudi wakakaa. Asrizal alisoma yote, hata pale "macho ya Mama yangu yamekufa". Mama yako alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

Sutan ndiye aliyemuuliza, kwa upole, sina budi kusema hivyo. "Dada, ni kweli ulisifia ukungu?" Akajibu, "Nilijua ni ukungu. Uso wangu wote ulikuwa umelowa, na watu walikuwa wananung'unika. Nilisema kwa nguvu ili binti yangu ajue nitakachokuja kusema huku. Nilidhani atanielewa."

Wazee wamevunja neno. Asiyeona hashuhudii, wala haachwi peke yake. Wanasema ahadi yako ya kutii inabaki, sasa kwa neno la ukoo: binti arudi akae na mama yake. Tangu siku hiyo anageuzia ukuta uso wake, anakunywa maji tu. Amenikataza kukuita. Mimi sikuiti. Nina cheo, sina uso wa kukuita.

Mjomba wako


George Town, 5 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo. Hii usiisome mkekani. Isome peke yako kisha uitie jikoni.

Nilielewa nini mimi? Alinipigia kelele nikiwa nimesimama ubavuni kwake na sikusikia. Mwezi mzima nilidhani mimi ndiye ninayemwonyesha mji. Kumbe mama wa watu alikuwa anaukariri, kila dirisha, aje aniokoe nao, na mimi nikachukua kalamu nikamvua nguo mbele ya ukoo. Tena nikaagiza lisirukwe neno. Mjomba, nikikumbuka hilo nataka kujipiga na kitu.

Nakuja. Mama hali chakula, nami niliapa. Nitakufa nikijua yuko humo anageukia ukuta.

Kadir hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema watoto hawaendi popote, wana shule na baba na bibi. Akasema mke akivuka maji bila idhini ya mumewe amejitoa mwenyewe, na yeye hatamfuata wala hatampokea tena. Akaniuliza mara tatu kama nimesikia. Nimesikia. Kisha akaenda kuosha masufuria yake, nikamsikia analia huku maji yanamwagika.

Watoto nimewaambia naenda kumuuguza Bibi. Iqbal ananitazama tu, ameshakuwa mkubwa. Farid kaniuliza kama nitakuwepo siku ya michezo ya shule, atakimbia na gunia. Nimemwambia ndiyo.

Meli ni ya kesho asubuhi, tarehe sita. Barua hii naiweka posta ya gatini, huenda nikafika kabla yake. Mwambie Mama ale kidogo. Mwambie sitalia nikimpikia.

Idar


Koto Sawah, 6 Julai 1993

Idar mwanangu,

Kaa hapo hapo ulipo! Usifunge mzigo, na kama umefunga fungua. Nina habari, na leo kalamu inakimbia yenyewe.

Jana asubuhi mama yako aliinuka, akaoga, akaomba wali na samaki, akala. Akanituma niwaite wazee. Walipofika akatoa funguo kiunoni, za nyumba na za ghala la mpunga, akamwekea Yusmarni mkononi mbele ya wote. Akasema, "Nyumba ni yenu leo, msisubiri nife. Sasa hakuna paa la kumwita binti yangu. Ahadi yake ilikuwa ya kurudi nyumbani, na nyumbani hapana." Mimi kama mkuu wa nyumba ilibidi niridhie, nikaridhia. Cheo changu kimekwenda na funguo, na wala kichwa hakiniumi.

Amehamia surau, ule msikiti wetu mdogo, kule wanakolala wajane. Wako wanane humo, wanamwongoza, wanamsomea, na tayari amegombana na wawili kwa ajili ya dirisha. Hayuko peke yake. Anakula. Hana kinyongo na wewe hata chembe, anasema ulikasirika kwa kuwa ulimpenda, na hasira hiyo umeirithi kwake.

Jioni anawasimulia wajane mji wako. Wanamwomba arudie.

Kwa hiyo yamekwisha. Hudaiwi na mtu. Kaa na mumeo, lea wanao. Barua nimempa dereva wa basi la Medan aipeleke posta ya mjini, ikuwahi kabla hujafanya jambo la haraka, maana nakujua.

Leo wakilala wabusu watoto, Iqbal kwa niaba ya bibi yake, Farid kwa niaba yangu.

Mjomba wako,
Baharuddin